Siku Tuliyowapokea Wabunge Kama Wakwe

Mlioniacha wiki iliyopita nimesimama mlangoni kwangu na Léonard, bado nimesimama palepale, na hasira yangu haijapungua. Imeongezeka tu, maana sasa najua alichokuja kufanya.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitamfupishia. Naitwa Scovia. Nilizaliwa ukimbizini Tanzania, nikarudi Burundi nimeshakuwa mtu mzima, nina mume na mimba ya Irakoze, mtoto wangu wa kwanza. Shamba la baba yangu kule Bugarama tulikuta limepandwa michikichi ya mtu mwingine, na huyo mtu ana ndugu wengi kuliko sisi. Baadaye mume wangu Yonasi akasema anakwenda Kigoma kutafuta kazi ya miezi michache. Naona miezi ya Kigoma ni mirefu. Aliondoka mtoto wetu wa mwisho, Clever, akiwa tumboni, na sasa Clever anatembea.

Aliyeniokota ni mwanamke mmoja Mwislamu wa mjini Rumonge, Mariyamu, ambaye sote tunamwita Mama Zubeir. Amekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mwalo wa Nyamusenga tangu mimi sijazaliwa. Alinikatia kipande cha mchanga wake, akanionyesha namna ya kuwatandaza samaki kwenye vichanja na kuwageuza, akaniambia nisimwage maji machafu upande wake. Hayo tu ndiyo masharti niliyopewa.

Huo mchanga ndio maisha yangu. Wavuvi wa kipe, mitumbwi inayovua usiku, wanarudi asubuhi, tunawapokea, tunaanika, jua linafanya kazi yake, jioni ndagala wamekauka na watoto wamekula. Ukiniondoa pale, umeniondoa duniani.

Sasa serikali ilitujengea hangari ya kuanikia. Nzuri kwa macho! Kuta za matofali, sakafu ya saruji, mabati yanang'aa mpaka unayaona ukiwa ziwani. Ina kasoro moja, kwamba jua haliingii. Ndagala ukimweka mle asubuhi, mchana ananuka. Hakuna mwanamke aliyeitumia. Léonard, msimamizi wa mradi na mwenye ufunguo, akaijaza bidoni, madumu ya mawese ya rafiki zake. Sisi tukaendelea na mchanga wetu, kila mtu akanyamaza.

Basi wiki iliyopita niliishia pale Léonard aliponijia kusema kwamba wabunge wanakuja. Tuendelee.

Nilimkaribisha ndani kwa sababu ya adabu, siyo kwa sababu ya upendo. Akakaa kwenye kiti pekee nilicho nacho, nami nikabaki nimesimama na mtoto mgongoni. Akaeleza kwamba wabunge wanazunguka nchi kuangalia majengo ya serikali, moja baada ya jingine. Limekwisha au halikwisha? Linafanya kazi liliyojengewa au linafanya nyingine? Ziara hiyo wao wanaiita desanti. Sisi tungefikiwa Alhamisi.

Alichotaka ni kwamba wanawake walete ndagala wao ndani ya hangari, asubuhi hiyo moja tu. Na mimi, kwa kuwa ni prezida wa koperative ya waanikaji, niseme maneno mazuri mbele ya wageni. Nilimuuliza bidoni je. Akasema bidoni zitajua pa kwenda.

Nilitaka kukataa. Nawaapia, neno lilikuwa mdomoni. Ndipo akakunja miguu na kuanza kuongea polepole, kama mtu anayebembeleza mgonjwa.

"Mama Irakoze," akasema, "ukingo wa ziwa siyo wenu. Sheria inasema ukingo uachwe wazi. Ni mimi ninawafichia huo mchanga kila mwaka. Mukinisaidia siku moja, mutabaki hapo mpaka muzeeke. Mukiniacha niaibike, na mimi nitawaacha."

Nikakubali. Nilikubali nikiwa nimesimama, yeye amekaa kwenye kiti changu.

Najua mnasema Scovia ni mjinga. Ngojeni kwanza. Nyinyi pia mmepokea wakwe.

Kwetu, watu wakija kumposa binti, ni kijiji kizima kinachoposwa. Viti vinatoka kwa jirani, vikombe vinatoka kwa mwalimu, vitambaa vya meza vinatoka kanisani. Mwenye nyumba inayovuja anaazima nyumba isiyovuja. Uwanja unafagiwa mpaka kuku wanashangaa. Kisha anasimama msemaji na kulisifia lile boma mpaka wenyewe hawalijui tena. Wakwe wanajua kwamba viti siyo vyenu. Hata wao viatu ni vya kuazima. Wanakunywa, wanacheka, wanaondoka, na kesho yake kila kiti kinarudi kwao.

Hakuna anayeita hiyo uongo. Ni kumstahi mgeni. Na mimi ndimi wanayemtanguliza wanawake wa Nyamusenga kila kunapokuwa na harusi, kwa sababu nina ulimi. Kwa hiyo nilifikiri, wabunge ni wakwe. Tutafagia, tutaazima, tutasifia, tutawasindikiza mpaka kwenye magari yao, na Ijumaa tutarudisha viti.

Niliwaambia wenzangu hivyo hivyo, na wote wakaelewa mara moja. Beatrisi, jirani yangu wa mchangani, alifurahi kabisa, akasema atavaa kitenge chake cha ubatizo. Mmoja tu ndiye aliyekataa.

Mama Zubeir alikuwa anageuza samaki wake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akasema yeye haaniki samaki gizani.

Nikamweleza tena, kwamba ni siku moja tu, tena ni kama wakwe.

"Mukwe iko anatafuta sababu ya kupenda," akaniambia. "Hawa iko wanakuja kuuliza. Mutu akikuuliza, unamujibu."

Hapo nilikasirika. Nilimwambia kwamba yeye anaweza kuongea hivyo kwa sababu ana nyumba ya baba yake mjini, na mwanawe Zubeir yuko Uvira anamkumbuka kwa pesa kila mwezi. Mimi nina nini? Shamba lilichukuliwa, mume alipotea, nimebakiwa na mchanga, na huo mchanga uko mkononi mwa Léonard. Nikamwambia kama ananipenda alete samaki wake na afunge mdomo.

Nilisema hayo mbele ya watu. Mwanamke aliyenikatia mchanga wake nilimwambia afunge mdomo, mbele ya watu.

Alinyanyuka akajifuta mikono. Hakugomba, na ingekuwa nafuu angegomba.

"Samaki nitaleta," akasema. "Na mudomo nitaufunga. Ni kwa sababu yako, siyo kwa sababu ya Léonard."

Jumatano lori lilikuja likabeba bidoni. Tukafungua milango, tukakuta sakafu ni nyekundu kwa mawese na inateleza. Tulisugua kwa majivu na sabuni mpaka mikono ikababuka. Beatrisi alianguka chali, tukacheka mpaka tukalia. Naona aibu kusema, lakini tulikuwa na furaha. Kulikuwa na shughuli, na shughuli ya watu wengi ina utamu wake.

Tukabeba vichanja vyetu kutoka ufukweni, tukavipanga mle ndani kwa mistari. Tukatundika vitenge kwenye madirisha. Kisha mimi, prezida, nikatoa wazo ambalo hata Léonard mwenyewe hakulifikiria. Nilisema tufagie na mchanga. Tufute kila alama, kila gamba, kila shimo la mguu wa kichanja, ili mgeni akitupa jicho upande ule asione kitu.

Tukafagia kwa makuti ya michikichi mpaka ufuko ukawa kama haujawahi kukanyagwa na mtu.

Alhamisi kipe zilirudi na samaki wengi, wengi kuliko siku nyingi. Tuliona ni baraka. Wabunge walikuwa wafike asubuhi, kwa hiyo asubuhi tukawa tumeshatandaza ndagala wote ndani ya hangari, wabichi, wanameta, wa kila mwanamke wa Nyamusenga. Mama Zubeir alileta wake akawatandaza kwa uangalifu uleule anaotumia siku zote. Hakunisalimia.

Wageni hawakufika. Ikasemwa wamekwama Bugarama kwenye shule iliyojengwa bila milango, wanauliza maswali. Tukangoja. Mabati yalianza kuwaka moto juu yetu. Hewa ya mle ndani ikawa nzito, na ndagala wakaanza kutoa jasho.

Wanawake wakaniomba tuwatoe samaki juani, hata kwa muda mfupi. Nilikataa. Magari yakitokea na samaki wako nje, tumekwisha. Nikawaambia wapepee kwa vitenge vyao. Wakapepea. Wanawake wazima wamesimama gizani wanawapepea samaki, na jua la bure liko nje.

Wabunge walifika jua limeshapita utosini. Walikuwa watatu, na mwandishi wa redio nyuma yao. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mfupi, viatu vya chini, sauti ya mwalimu asiyependa kuwatisha watoto. Wakamtambulisha kwamba ni Onorabule Elda, yaani Mheshimiwa. Ngoma zikapigwa, Beatrisi akapiga vigelegele, Léonard akapeana mikono na kila mtu mwenye mkono.

Onorabule Elda aliingia ndani akatembea kati ya vichanja. Alitazama juu kwenye mabati. Aligusa ukuta. Alimuuliza Léonard mwanga unapita wapi. Léonard akasema waanikaji wenyewe wataeleza vizuri, akanisukuma kidogo mgongoni.

Nikasimama. Jamani, niliongea! Nilianza na amahoro, salamu ya amani kwa wageni, nikaisifia serikali, nikaisifia saruji, nikasema zamani mvua ilikuwa inatukimbiza kama kuku na sasa tunaanika tukiwa tumekaa. Watu wakapiga makofi. Nikawa nasikia utamu wa ulimi wangu mwenyewe.

Onorabule alinisikiliza na kalamu mkononi. Hakucheka kama wakwe wanavyocheka. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na ule mchanga pale nje, mama? Hakuna tena anayeanika pale?"

Léonard alitazama viatu vyake. Ningeweza kusema mara mojamoja. Ningeweza kusema wachache. Hata katika kusifia kuna namna ya kuacha mlango wazi, na mimi naijua namna hiyo.

"Mchanga?" nikasema. "Mchanga wa nini tena, Onorabule? Mtu mwenye kitanda harudi kulala chini."

Wakacheka, makofi yakapigwa, na mwandishi wa redio akasogeza chombo chake karibu nami.

Lakini yule mama hakuwa mjinga. Alivuta pumzi kwa pua, akauliza mbona harufu. Nikamjibu kwamba samaki ni samaki, hajapakwa manukato. Wakacheka tena. Yeye akageuka, akawatazama wanawake mmoja mmoja, akasimama kwa Mama Zubeir. Sijui aliona nini usoni mwake.

Akamuuliza na wewe, mama yangu, unasemaje?

Mama Zubeir alinitazama. Nikainamisha macho.

"Mwenzangu amesema," akajibu.

Onorabule akangoja kidogo, kama mtu aliyeachiwa mlango nusu. Mama Zubeir hakuongeza neno. Basi akaandika, akatushukuru, akatutakia kazi njema, wakaondoka na vumbi lao. Léonard alinibana mkono akasema murakoze cane, murakoze cane, asante sana juu ya asante sana, mpaka nikachoka.

Tukarudi ndani kuwatoa samaki. Walikuwa wameharibika, wote. Tumbo limepasuka, nyama imelegea, ukimshika anabaki kwenye vidole. Samaki wa usiku mzima, wa wanawake wote.

Hakuna aliyenitukana siku hiyo. Walifikiri ndiyo gharama ya shughuli, na shughuli imefaulu. Tulisema kesho ziwa litatoa wengine. Mama Zubeir alikusanya wake kwenye beseni, akawamwaga majini, akapita mbele yangu kama anapita mbele ya mti. Tangu hapo hakunisemesha.

Ijumaa viti vilirudi kwao, kama nilivyowaambia wenzangu. Tulirudisha vichanja mchangani. Jumamosi bidoni za mawese zilirudi kwenye hangari. Nilifikiri mambo yamekwisha.

Siku nyingi zikapita. Nilikuwa sokoni Rumonge, kwenye meza za samaki, redio ya muuza simu inaongea juu ya mambo ya Bunge. Mara nikasikia sauti ninayoijua. Ilikuwa yangu. Mchanga wa nini tena, Onorabule? Mtu mwenye kitanda harudi kulala chini. Muuza simu akacheka, akasema huyo mama anajua kuongea. Nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilijisikia mtu mkubwa.

Kisha msomaji wa habari akaendelea. Wabunge wamekuta hangari ya Nyamusenga inatumiwa na waanikaji wenyewe, nao wameridhika nayo. Kwa kuwa wanawake wenyewe wameshuhudia kwamba hawahitaji tena mchanga, wabunge wameshauri ukingo ule uondolewe watu mara moja, upandwe miti ya kulinda ziwa, na kuanika mchangani kukomeshwe. Na mfano wa Nyamusenga ufuatwe kwenye mialo mingine, mpaka Kabonga.

Mpaka Kabonga! Wanawake wa Kabonga hata sijawahi kuwaona, na nilikuwa nimeshawanyang'anya mchanga wao.

Sikuweza kuuza siku hiyo. Nilifunga mzigo nikarudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu kwenye gari kungekuwa na redio.

Wakwe hawaandiki. Hilo ndilo sikuwa nimelifikiria. Mkwe anasikia sifa, anazipunguza mwenyewe kichwani, anabaki na ukweli wake. Mbunge anachukua neno lako kama lilivyo, anakwenda nalo mjini, na kule linageuka amri. Yule mama alinipa nafasi, alimpa na Mama Zubeir, na mimi ndimi niliyezifunga zote mbili.

Haikupita muda wakaja watu na vigingi na kamba. Walikuwa na adabu. Walituambia tuondoe vichanja, na atakayekutwa anaanika mchangani atashikwa na polisi. Wanawake wakahamia mlangoni kwangu. Beatrisi, yule wa vigelegele, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Aliniuliza watoto wake wale kitanda changu?

Nilikwenda kwa Léonard. Nikamwambia atoe bidoni, afungue hangari, hata tuvunje mabati mawili matatu jua liingie. Alikuwa anakula, na hakuacha kula. Alisema hangari imejaa na wenye mali wana mapatano naye.

Nikamkumbusha ahadi, kwamba tutabaki pale mpaka tuzeeke.

"Mimi sikuwaondoa," akasema. "Umewaondoa wewe, na redio iko ilisema."

Nikamwambia nitatafuta njia ya kumfikia Onorabule Elda nimwambie kila kitu. Hapo ndipo alipoacha kula. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma bado inaniuma. Akanieleza kwamba nikimwambia hivyo nitakuwa nimekiri kuwadanganya wabunge mbele ya mwalo mzima. Yeye hakusema kitu siku ile. Nani alimsikia akisema kitu? Aliyeongea ni prezida wa koperative. Akaniuliza nikifungwa nani atabaki na watoto, Yonasi?

Nilirudi nyumbani nikajifungia. Sikwenda kwa Onorabule. Nilijiambia nitakwenda kesho, na kesho ilipofika nikajiambia hivyo tena.

Ndipo asubuhi moja Beatrisi akaja mbio, bila kitambaa kichwani. Mama Zubeir ameshikwa. Alishuka ufukweni peke yake, akapita chini ya kamba, akatandaza ndagala wake pale alipowatandaza maisha yake yote, akakaa kando yao akingoja. Polisi walipomwambia awaondoe, aliwauliza awapeleke wapi.

Nilimfunga Clever mgongoni nikaenda kituoni. Irakoze nilimwacha kwa Beatrisi.

Mama Zubeir alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, mtandio wake umekaa sawasawa kichwani. Beseni lake lilikuwa kando yake. Kamanda wa kituo anaitwa Tadeo, mtu wa makamo, asiyependa kelele. Alinipa kiti. Nilikataa kukaa juu ya kiti na Mama Zubeir yuko chini.

Kamanda akanieleza. Huyu mama anasema hangari haijawahi kutumiwa hata siku moja, ni ghala la mawese, na hakuna pengine pa kuanika. Ikiwa ni kweli, yeye Tadeo hawezi kumfunga mtu mzima kwa kosa la kukosa mahali. Ikiwa ni uongo, basi amekaidi amri na amewafanya wabunge waongo, na atapelekwa mbele ya wakubwa.

"Wewe ni prezida," akasema. "Nilikusikia kwenye redio. Niambie, munaanika mule au hamuaniki?"

Clever alikuwa amelala, nasikia pumzi yake shingoni. Nilijua nikisema ndiyo, Mama Zubeir anakwenda. Nikisema hapana, nakwenda mimi. Hakukuwa na namna ya kuacha mlango wazi.

Nikasema hapana.

Na nilipoanza sikusimama. Nilimwambia juu ya Léonard na kiti changu, juu ya bidoni, majivu, sabuni, na samaki tuliowapepea. Nilimwambia kwamba mchanga nilifagia mimi, wazo lilikuwa langu. Nilisema niliwadanganya wabunge kwa mdomo wangu, na huyu mama alinikataza, na nikamfunga mdomo mbele ya watu. Machozi yalinitoka lakini sauti haikukatika. Nilipomaliza nilijisikia nimetua mzigo nilioubeba siku nyingi.

Kamanda akaniambia kwa upole kwamba sasa mwenye kesi ni mimi. Kuwadanganya wabunge waliokuja kukagua mali ya serikali, hilo siyo jambo la kuonywa na kurudi nyumbani. Akamgeukia Mama Zubeir ili afunge maneno. Aniunge mkono tu, aseme ndivyo, kisha achukue beseni lake aende zake.

"Mama, ni kweli anayosema?"

Mama Zubeir alinitazama kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. Alinitazama muda mrefu. Kisha jicho lake likashuka mpaka kwenye mguu wa Clever uliokuwa unaning'inia nje ya kitenge.

"Hapana, shefu," akasema. "Huyu mutoto ananipenda, ndiyo sababu anaongopa. Hangari iko muzuri. Tunaanika mule wote. Ni mimi tu kichwa yangu iko ngumu."

Nikapiga kelele kwamba siyo kweli. Nikamwambia kamanda aende afungue milango anuse mawese. Mama Zubeir akasema nisamehewe, mume wangu alipotea na tangu hapo sina akili iliyotulia. Alisema hivyo bila kutetemeka, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata juu ya uzito wa samaki.

Kamanda Tadeo alivua kofia akaiweka mezani. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akamwita polisi aliyekuwa mlangoni. Akamtuma akamlete Léonard, mwenye ufunguo, aje aseme ni nani kati yetu wawili aliye mkweli.